Lori Lina Wenyewe

Ndugu zangu wa Voi, nanyi mliotoka Maungu, Mwatate na Mtito Andei,

Lori likigonga mtu kwenye barabara hii yetu, umati huuliza swali moja kabla ya mengine yote: dereva yuko wapi? Akikamatwa, watu wanatulia. Akikimbilia porini, watu wanakata tamaa. Mimi nimekuja kuwaambia kwamba kwa aliyevunjika mguu, au kwa mjane aliyeachiwa watoto wadogo, swali hilo halina faida kubwa. Dereva ni mtu wa mshahara, na wengi wao hulipwa kwa tripu. Hata hakimu akimwamuru alipe milioni 2, hatakuwa nazo leo wala mwaka ujao. Tunachopaswa kuuliza ni haya: lori hili ni la nani, lilikuwa kwenye kazi ya nani, na bima yake imekatwa wapi.

Tarehe 30 Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani katika kaunti ya Kericho, lori la tela lilitoka barabarani likaingia katikati ya wachuuzi, waendeshaji bodaboda na wasafiri waliokuwa wakingoja magari. Zaidi ya watu 50 walikufa. Nchi nzima ililia. Tulizungumza juu ya breki, juu ya mteremko, juu ya wachuuzi wanaopanga vibanda kandokando ya lami. Yote yalistahili kuzungumzwa. Lakini aliyekuwa akiuza viazi pale na kulipa karo kwa viazi hivyo ana dai la kisheria, na dai hilo huanza kuzeeka siku ileile ya ajali. Tulipokuwa tukihesabu maiti, ni wangapi kati yetu waliowaambia wafiwa waandike namba ya tela?

Nasema namba ya tela kwa makusudi. Lori kubwa tunaloliona kama chombo kimoja ni magari mawili. Kichwa kina namba yake, na tela lina namba yake inayoanza na herufi Z. Kila kimoja huandikishwa peke yake katika Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, na si lazima viwe vya mwenye mmoja. Huenda kichwa kikawa cha mtu wa Changamwe aliyekinunua kwa mkopo, tela likawa la kampuni ya uchukuzi, kontena likawa la mwenye meli, na shehena iliyomo ikawa ya mfanyabiashara wa Kampala. Dereva naye ameajiriwa na mmoja wao, pengine kwa maneno ya mdomo tu. Ajali ikitokea, kila mmoja humnyooshea mwenzake kidole, na mgonjwa aliyelala wodini hubaki akimtazama dereva kwa sababu ndiye peke yake aliyemwona kwa macho.

Sheria haikumwacha mgonjwa huyo hivihivi. Sheria ya Trafiki ya Kenya, kifungu cha 8, inasema kwamba aliyeandikishwa kuwa mwenye gari huhesabiwa ndiye mwenyewe mpaka ithibitishwe vinginevyo. Juu ya hapo, mahakama za Afrika Mashariki zimeshikilia tangu zamani kwamba gari la mtu likiendeshwa na mwingine na kuleta madhara, huchukuliwa kuwa anayeendesha anafanya kazi ya mwenye gari. Mwenye gari ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi wa kupinga. Hawezi kusimama mbele ya hakimu na kusema, "Simjui huyo dereva," kisha akaenda zake. Lazima aeleze gari lake lilifikaje mikononi mwa mtu huyo, na lilikuwa likienda wapi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya jamaa wa majeruhi ni kupata maandishi ya umiliki wa kichwa na ya tela kutoka NTSA. Wengi huridhika na abstrakti ya polisi. Abstrakti ni karatasi muhimu, lakini inathibitisha tu kwamba ajali ilitokea, mahali fulani, kati ya fulani na fulani. Haithibitishi kosa ni la nani, na jina la mwenye gari lililoandikwa humo mara nyingi ni lile ambalo dereva alilitaja akiwa amechanganyikiwa. Nimeona kesi zikianguka kwa sababu mdai alimshtaki mtu aliyeuza lori miaka miwili nyuma, na alipogundua mwenyewe halisi, muda wa kushtaki ulikuwa umekwisha.

Muda wenyewe ni miaka 3 tangu siku ya ajali kwa madai ya namna hii. Ikiwa lori ni la serikali, muda hupungua kuwa miezi 12. Mtu aliyelazwa miezi minne, akarudi nyumbani na magongo, akaanza kutafuta riziki upya, huona miaka 3 ikipita kama upepo.

Sasa niseme juu ya bima, kwa sababu hapo ndipo pesa zilipo. Hakuna gari linaloruhusiwa barabarani bila bima ya mtu wa tatu, na sababu yake ni wewe, mpita njia. Sheria inayohusika, Sura ya 405, inailazimisha kampuni ya bima kulipa hukumu iliyotolewa dhidi ya mteja wake, hata kama mteja huyo ametoweka. Lakini imeweka masharti mawili ambayo kila familia ingepaswa kuyajua. Kwanza, kampuni ya bima lazima ipewe taarifa kwa maandishi kabla ya kesi kufunguliwa au siku chache baadaye. Taarifa hiyo isipopelekwa, utashinda kesi na kubaki na hukumu isiyo na mlipaji. Pili, bima hulipa mpaka shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Kinachozidi hapo kinamwangukia mwenye lori, na ndiyo maana huwezi kumsahau hata ikiwa bima ipo.

Jina la kampuni ya bima utalipata wapi? Limeandikwa kwenye kibandiko cha bima kwenye kioo cha mbele, pamoja na namba ya mkataba na tarehe ya kumalizika. Kijana yeyote mwenye simu aliyefika pale anaweza kukipiga picha. Badala ya kupiga picha maiti na kuzisambaza, jambo ambalo ni aibu kwetu sote, pigeni picha kibandiko hicho. Pigeni picha namba za kichwa na za tela, alama za matairi kwenye lami, na jina lililoandikwa kwenye mlango. Mvua moja hufuta alama za matairi. Lori lenyewe, likishakaguliwa, huvutwa hadi karakana na baada ya siku chache linarudi barabarani likiwa na breki mpya. Hapo utathibitishaje kwamba breki zilikuwa mbovu?

Kuna ushahidi mwingine ambao lori hubeba na gari dogo halibebi, nao karibu kila mara huachwa. Lori lenye mzigo kutoka bandari ya Mombasa hupita mizani ya Mariakani, na likiendelea hupita Athi River, Gilgil, na kadhalika hadi mpakani. Kila mizani huweka rekodi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, imeweka kikomo cha tani 56 kwa lori lenye ekseli 7. Lori lililozidisha mzigo halisimami kama lingine likishika mteremko, na rekodi hizo zinaweza kuonyesha hivyo. Mizigo inayopita kwenda nchi jirani hufungwa kufuli ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato, na kufuli hiyo huonyesha lori lilipokuwa na saa lilipokuwa hapo. Wenye malori wengi pia hufunga vifaa vyao vya kufuatilia mwendo.

Fikirieni uzito wa rekodi hizo. Sheria yetu ya Trafiki inamkataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Kutoka Mombasa hadi Malaba ni zaidi ya kilomita 900. Ikiwa rekodi zinaonyesha kwamba lori lilitoka Mariakani asubuhi na halikusimama kwa muda wa maana hadi lilipomkanyaga mtu usiku wa manane, basi swali haliwi tena la dereva aliyesinzia. Linakuwa la tajiri aliyempangia safari isiyowezekana bila kusinzia. Naam, hata wakili wa bima anayesema "ilikuwa bahati mbaya" hubadilisha sauti akiwekewa karatasi hizo mezani. Lakini rekodi hizi hazikai milele. Wakili mzuri huandika barua mapema kumtaka mwenye lori azihifadhi, na akikataa huiomba mahakama imwamuru azitoe.

Nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi. Siku ya tatu au ya nne, matanga yakiwa bado, hufika gari dogo jeupe. Wanashuka watu wawili wenye adabu. Wanaleta mchele, sukari, na bahasha ya kugharamia mazishi. Wanatoa pole. Kisha, taratibu kabisa, wanatoa karatasi na kumwomba mzee wa familia atie sahihi "kuonyesha kwamba mmepokea". Ndani ya karatasi ile mna maneno kwamba familia imeridhika na haina dai jingine. Sheria haimkatazi mfiwa kupokea mchele wala pesa za jeneza. Pokeeni, shukuruni, lakini msitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi yoyote kabla ya kusomewa na mtu asiyetoka upande wao. Na mjue kwamba mzee wa ukoo hana mamlaka ya kuuza dai la mjane na watoto. Sheria ya Ajali za Vifo imewataja wanaostahili: mke au mume, watoto, na wazazi wa marehemu. Ili kushtaki kwa niaba ya marehemu, huhitajika hati ya usimamizi kutoka mahakamani, na ipo hati ya haraka inayotolewa kwa ajili ya kesi tu, bila kungoja mirathi yote igawanywe.

Wapo na wengine wanaofika wodini kabla ya hao wa gari jeupe: mabroka wanaotembeza fomu za mawakili kitanda kwa kitanda. Wanasema, "Hutoi hata shilingi, ukishinda tutagawana." Sheria ya Mawakili haiutambui mkataba wa wakili kulipwa kwa sharti la kushinda. Wakili anastahili malipo yake, na mnaweza kukubaliana alipwe polepole, lakini pesa za fidia zinapokuja, ni zako. Anayezikalia huweza kushtakiwa mbele ya Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Ulizeni jina la wakili mwenyewe, mwoneni uso kwa uso, na mdai nakala ya kila karatasi.

Watu wengi huniambia, "Marehemu alikuwa anauza mitumba, hakuwa na hati ya mshahara, tutadai nini?" Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ililijibu swali hili katika kesi ya fundi seremala aliyekufa ajalini. Ilisema kwamba kutaka karatasi peke yake kuwa ushahidi wa kipato ni kuwadhulumu Wakenya wengi wasioweka rekodi ilhali wanajipatia riziki kwa njia mbalimbali. Ushuhuda wa wanaomjua unatosha kuanzia. Hata hivyo, kila kilichoandikwa husaidia: daftari la chama, taarifa za M-Pesa, risiti za ushuru wa soko.

Hebu tupige hesabu jinsi hakimu anavyoipiga. Mama wa miaka 35 alikuwa akipata shilingi 15,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 180,000. Hakimu akiona angefanya kazi miaka 20 zaidi, inakuwa milioni 3.6. Kisha huchukua sehemu ambayo mama huyo angeitumia kwa wanaomtegemea, na kwa mwenye watoto mara nyingi huwa theluthi mbili: milioni 2.4. Ikiwa familia haikuthibitisha chochote, hakimu anaweza kushuka hadi mshahara wa chini kabisa, au kutoa kiasi cha jumla anachokiona kinafaa. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ni karo ya shule ya sekondari kwa mtoto mmoja au wawili.

Gharama za hospitali ni jambo jingine. Hizo lazima zitajwe moja moja kwenye hati ya madai na zithibitishwe kwa risiti. Dawa, eksirei, teksi ya kwenda kliniki, magongo: wekeni kila kipande cha karatasi kwenye bahasha moja, na mteueni mtu mmoja aitunze. Kwa mazishi mahakama zimekuwa na huruma zaidi, kwa kukubali kwamba mfiwa hakai kukusanya risiti za mbao na sanda.

Na kesi ya trafiki? Dereva akishtakiwa kwa kuendesha ovyo na kupatikana na hatia, hukumu hiyo ni silaha kubwa katika kesi ya fidia, kwa kuwa Sheria ya Ushahidi inaichukulia kuwa uthibitisho wa kosa lake. Fuatilieni tarehe zake, hudhurieni, chukueni nakala ya hukumu. Lakini faini anayotozwa huenda kwa serikali. Haiingii mfukoni mwenu hata senti. Na akiachiliwa, dai lenu halijafa, kwa sababu kiwango cha ushahidi katika kesi ya madai ni cha chini kuliko cha jinai.

Sitaki kuwadanganya kwamba kila aliyegongwa na lori atalipwa chote. Mahakama hugawa lawama. Aliyevuka barabara gizani akiwa mlevi, au aliyebeba abiria watatu kwenye pikipiki moja isiyo na taa, anaweza kukuta nusu ya fidia yake imekatwa. Anayekimbilia lori la mafuta lililopinduka akiwa na mtungi ataulizwa alikuwa akifanya nini pale. Tulizika zaidi ya watu 100 baada ya moto wa Sachangwan, Januari 2009, na majirani zetu wa Tanzania wakazika zaidi ya watu 100 baada ya ule wa Morogoro, Agosti 2019. Umaskini uliwasukuma wengi wa marehemu hao kwenye mafuta yale, na siwahukumu. Lakini nawaomba mlio hai: mbele ya moto na mbele ya sheria, mtungi ule haulindi mtu.

Na kuna abiria wa kabini. Wengi wenu mmewahi kusimamisha lori hapa Voi usiku, mkampa dereva shilingi 500 awafikishe Mlolongo. Lori la mizigo halina leseni ya kubeba abiria, na bima yake haimlindi abiria wa aina hiyo. Mwenye lori naye atasema kwamba alimkataza dereva kuchukua watu, na mara nyingi amebandika tangazo hilo kwenye kioo. Akifa abiria huyo, familia yake ina njia nyembamba sana. Kwa nauli mnayookoa, mnatupa mbali ulinzi wote niliowaeleza tangu nilipoanza kusema.

Dereva na utingo wake wako upande mwingine wa sheria, nao pia ni watoto wetu. Wakiumia kazini, dai lao linapita kwa Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, ambayo Mahakama ya Upeo iliithibitisha Desemba 2019. Hawahitaji kuthibitisha kosa la mwajiri. Kwa kifo au ulemavu kamili wa kudumu, kiwango ni mapato ya miezi 96. Madai hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya miezi 12. Utingo asiye na barua ya kazi athibitishe ajira yake kwa namna yoyote aliyonayo: jumbe za simu za tajiri, malipo ya M-Pesa, ushuhuda wa matingo wenzake.

Hapa Voi tuna jambo letu la pekee. Barabara ya Taveta inatuletea malori ya Tanzania kupitia Holili, na watu hudhani kwamba lori la kigeni likishavuka mpaka, dai limevuka nalo. Haikuwa hivyo, na haiko hivyo. Tanzania ilijitoa katika soko la pamoja la COMESA mwaka 2000 lakini ilibaki kwenye mpango wa soko hilo wa Kadi ya Njano, ambao ni bima ya mtu wa tatu inayotambuliwa kutoka nchi moja hadi nyingine. Lori la Tanzania au la Uganda likimgonga Mkenya hapa, dai hupelekwa kwa ofisi ya kitaifa ya Kadi ya Njano iliyo hapahapa Kenya, na kulipwa kwa mujibu wa sheria ya hapa. Kinachohitajika ni namba ya kadi hiyo. Afisa wa polisi anayeandika ripoti anaweza kumtaka dereva aitoe, na jamaa wa majeruhi wana haki ya kumwomba afisa aiandike.

Jambo la mwisho ni la watoto. Mtoto aliyegongwa akivuka kwenda shule hawezi kushtaki mwenyewe. Mzazi au mlezi hushtaki kwa niaba yake, na mapatano yoyote juu ya pesa za mtoto hayana nguvu mpaka mahakama iyakubali, hata kama baba ameshatia sahihi. Miaka 3 niliyoitaja huanza kuhesabiwa kwake anapofikisha miaka 18. Kwa hiyo aliyepoteza mkono akiwa darasa la pili, wazazi wake wakadanganywa au wakachelewa, bado ana mlango hadi atakapotimiza miaka 21. Najua kuna vijana wa namna hiyo katika ukumbi huu. Nitabaki hapa mbele baada ya maswali. Njooni na karatasi mlizonazo, hata zikiwa zimechanika, tuanze kutafuta lori lile lilikuwa la nani.